Siku Nilipovaa Ngozi ya Mama Mkwe Sokoni Keumbu

Wenzangu, aibu hii ni yangu na siikatai. Nimeisikia ikisimuliwa Mosocho na watu ambao hawakuwapo, nimeisikia Ekerenyo kwa mtu aliyeapa kwamba nilikimbia mpaka mtoni nikajitosa (sikukimbia, na mto haukuwa karibu), kwa hiyo nimeona afadhali niieleze mwenyewe. Ni kweli nilivaa ngozi ya mama mkwe wangu katika soko la Keumbu, mchana kweupe, nikatembea nayo huku nikizungusha kiuno, na mwenyewe amekaa pale pale nyuma yangu. Hayo ya mtoni wameongeza wao.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, vijana wamerudi na makoti ya kijeshi, na wanawake wa kwetu wameanza kuacha mavazi ya ngozi na kuvaa nguo za dukani. Mimi nilikuwa nauza marikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Nilikuwa nayachukua kwa Mhindi mjini Kisii, nafunga mzigo nyuma ya baiskeli, natoka Mosocho na umande, na mpaka jua liwe la utosi nimeshafika soko lolote linaloketi siku hiyo. Kubishana bei ndiyo iliyokuwa kazi yangu hasa, baiskeli ilinisaidia tu kufika kwenye ubishi. Nilikuwa na kanuni zangu. Ya kwanza, usikisifu kitu unachokitaka. Ya pili, ukipata watu wa kucheka, muuzaji amekwisha, kwa sababu hakuna anayeweza kushikilia bei huku soko zima linacheka mali yake. Na nyingine ilikuwa hii, kwamba muuzaji akinyamaza ameshalegea, umbane papo hapo. Kanuni hizo hazikuwahi kuniangusha. Nasema hivyo ili mjue nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Msichana aliitwa Kemunto, wa kule vilimani juu ya Keumbu, amesoma kidogo kwa wamisheni, anajua kushona, na ulimi wake ulikuwa haupungui wangu. Ng'ombe tulikuwa tumeshakubaliana, mshenga ameshachoka kupanda na kushuka kile kilima, na harusi ilikuwa ifungwe kanisani wimbi likishavunwa. Kilichobaki ni mimi kukaa kimya na kutoharibu.

Sasa, mtu asiye wa kwetu lazima aelezwe jambo moja. Sisi Abagusii tuna kitu tunaita chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mtu na wazazi wa mkewe. Mama mkwe humshiki mkono, humtaji jina, hamkai pamoja, na nguo yake huigusi hata ikiwa imeanikwa kwenye ua na mvua inakuja. Yeye naye hawezi kukusemesha hivi hivi, akiwa na neno hulipitisha kwa mwingine. Katika hayo mimi nilikuwa bingwa. Kila nilipokwenda kwao Kemunto nilikaa nimeelekea ukutani, chakula kikaletwa na mtoto, na mama akipita nje nilijua tu kwa mlio wa ebitinge zake, zile pete za chuma ambazo mwanamke aliyeolewa kwa taratibu zote huvaa kwenye vifundo vya miguu. Mshenga alikuwa akinisifia kila mahali kwamba huyu kijana ana adabu, hajawahi hata kumtazama mama mkwe wake usoni. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa simjui sura.

Mnaanza kuona.

Siku yenyewe nilifika Keumbu na mzigo mzima wa marikani, na juu ya vilima wingu limeshakaa, lile wingu letu la mchana ambalo halina utani. Nikatafuta turubai langu la kufunika mzigo, nikakumbuka nimemwazimisha jirani aanikie mahindi. Mtu mwenye akili angetafuta kibanda akajikinga. Mimi nikajiambia, tafuta ngozi kuukuu, funika mzigo, endelea na biashara. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kabisa.

Pembeni, karibu na wauza vyungu, nikaona ngozi imekunjwa juu ya jani la mgomba. Nyuma yake wamekaa wanawake wawili wa makamo, mmoja mnene mwenye uso wa kupenda maneno, mwingine mwembamba, amevaa ngozi iliyochakaa, miguu ameikunja chini yake. Nilipowakaribia na baiskeli yangu, yule mwembamba akageuka upesi akanipa mgongo na kuvuta kipande cha nguo kichwani. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwenye mali na ameshaogopa kubishana.

Nikaichukua ile ngozi nikaikunjua. Hapa nisiseme uongo, ilikuwa kazi ya mtu anayejua. Ngozi za mbuzi zimeunganishwa kwa kano nyembamba za ng'ombe, mshono hauonekani mpaka uupapase kwa kidole, imesuguliwa na samli ikawa laini kama sikio la ndama, na ukingoni shanga nyekundu na nyeupe zimepangwa bila hata moja kuruka mstari (nilizipitia zote, kisha nikazipitia tena, ndivyo nilivyo). Lilikuwa vazi la mwanamke la siku ya sherehe. Kwa kuwa niliipenda, nikaanza kuitukana.

Nikauliza ni mbuzi gani aliyekufa kwa uzee namna hii. Nikasema shanga hizi zimepangwa na mtu aliyekuwa anasinzia. Wauza vyungu wakageuka kutazama. Yule mama mnene akanisemesha kwa upole, akaniambia kijana, vazi hili lina mwenyewe, si vizuri kulitandaza hivyo mbele za watu. Nikamjibu kwamba kama halitaki kutandazwa lisingeletwa sokoni. Mtu mmoja akacheka. Nikasikia raha ile ninayoijua.

"Uliza kwanza ni la nani," akasema yule mama, sasa bila upole.

"Mama, mimi nafunika mzigo," nikamwambia. "Mzigo hauulizi jina."

Wakacheka zaidi. Nikaona yule mwembamba mabega yanamtikisika, nikadhani naye anacheka. Mama mnene akamwinamia, wakanong'onezana, kisha akanigeukia akaniambia niichukue tu, bure, ila niondoke. Hebu fikirini. Mimi, mtu wa biashara, naambiwa bure, na badala ya kuona hatari nikaona ushindi, na mshindi hapendi kuondoka upesi. Watu walikuwa wameshakusanyika, muuza tumbaku ameacha tumbaku yake, na kila aliyefika alikuwa anaangalia mimi, anaangalia yule mwanamke aliyenipa mgongo, anaziba mdomo. Sasa najua kwamba nusu yao walikuwa majirani zake na walijua kila kitu. Kwa nini hawakuniambia? Kwa sababu jambo la chinsoni likitamkwa limeshakuwa, na bila kutamkwa kila mtu anaweza kwenda nyumbani akisema hakuona. Walikuwa wananingojea niondoke. Mimi nikawa nadhani wanataka zaidi.

Kwa hiyo nikaivaa.

Nikaizungusha kiunoni juu ya suruali yangu ya kaki, nikavuta kamba zake mbili za ngozi na kuzifunga fundo lile lile ninalofungia mzigo wa baiskeli, fundo ambalo barabara ya Kisii nzima haiwezi kulilegeza, nikaweka mkono mmoja kichwani kana kwamba nimebeba chungu, nikatembea. Nikapita mbele ya wauza vyungu nikizungusha kiuno, nikarudi. Nikauliza kwa sauti nyembamba kama wimbi limeiva. Soko likavunjika mbavu. Nikageuka ili nipite mara nyingine, na yule mwanamke mwembamba akasimama aondoke, na miguuni kwake ebitinge zikalia.

Nikajituliza kwamba wanawake wote wa umri ule wanavaa ebitinge. Nikachukua hatua nyingine, ndogo zaidi, na mbele yangu akasimama Kemunto na kikapu kichwani. Alikuwa amekwenda kununua chumvi.

Hakupiga kelele. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka juu, akasema, "Onsongo, hiyo ni ya mama."

Kicheko kilikatika. Hata mbuzi waliokuwa wamefungwa pale nadhani walinyamaza. Yule mama mnene akajipiga paja, akasema, "Nilimwambia aulize." Nikageuza shingo, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mama mkwe wangu, nusu tu, kabla hajaufunika. Machozi yalikuwa yamemjaa. Hakuwa anacheka hata kidogo wakati ule wote.

Nikashika fundo nilifungue. Na mvua ikaanza.

Nyinyi mnaojua ngozi mnajua kamba ya ngozi ikilowa inafanya nini. Inavimba, na fundo lake linajibana. Nilivuta huku ikakaza kule, nikatumia meno lakini kiuno cha mtu hakifikiki kwa meno yake mwenyewe, na kila nilivyohangaika ndivyo fundo lilivyozama. Hakuna aliyejikinga mvua, hakuna aliyetaka kukosa. Muuza tumbaku akajitolea kisu chake. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono mama mnene aliponizuia.

"Kata," akasema, "kama unataka kukata na huo uchumba. Kamba ya mama mkwe haikatwi na mkwe."

Wazee wawili waliokuwa pale wakakubali, ni kweli, haikatwi. Nikauliza basi nani anifungulie. Ikaonekana mke wa mtu hawezi, msichana hawezi, Kemunto asithubutu, na wanaume wakasema hawajui mavazi ya wanawake. Akabaki mmoja tu, Magokoro, yaani nyanya yake Kemunto, kwa sababu kati ya nyanya na wajukuu hakuna chinsoni, kuna utani tu. Na Magokoro hatoki nyumbani, miguu imechoka. Kwa hiyo mkwe akapande kilima.

Nikapanda. Mama mkwe mbele kabisa, na mama mnene kando yake akimshika mkono, Kemunto katikati hanisemeshi, na mimi nyuma nasukuma baiskeli kwenye utelezi nikiwa nimevaa ngozi yenye shanga, huku marikani yangu yanakunywa mvua yote (kiuno changu kilikuwa kikavu, hilo nalisema kwa haki ya fundi aliyeishona). Nyuma yangu soko lilikuwa limetoa wasindikizaji. Wanawake waliokuwa shambani walisimama na majembe. Na katika kona ile ya juu, chini ya mwavuli mweusi, nikakutana na nani kama si mzee wa kanisa, yule yule aliyekuwa ametufundisha Sabato mbili mfululizo kwamba ngozi ni mambo ya giza. Alinitazama kwa muda, akauliza taratibu kama nimerudi kwenye ya kale. Nikamwambia shikamoo, nikaendelea kusukuma.

Nyumbani kwao baba mkwe alikuwa ameketi barazani. Aliniona, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikumlaumu. Mama mkwe alipotelea jikoni. Nikabaki uwanjani kama kitu kilicholetwa na maji, mpaka Magokoro akatoka na fimbo yake, mdogo, amekunjamana, ana jino la mbele linalomtosha.

"Mume wangu," akaniambia, "wengine huleta ng'ombe. Wewe umekuja umevaa nyumba nzima."

Wasindikizaji wakaangua kicheko, na safari hiyo nilishukuru, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kunicheka. Akanizunguka akinitazama, akasema kiuno sina, akasema ningekuwa mwanamke wangenirudisha kwetu. Kisha akaitisha samli na sindano ya kushonea ngozi, akaketi kwenye kigoda mbele ya tumbo langu, akaanza kulainisha fundo. Alichukua muda wake. Na alipokuwa anachokonoa, sauti yake ikashuka, akaniambia neno ambalo sikulitegemea.

Ile ngozi, akasema, yeye ndiye aliyeishona, kwa ajili ya siku mama Kemunto alipovishwa ebitinge. Ndiyo aliyotokea nayo mbele za watu kama mke kamili. Hakuwa na haja ya kuiuza. Aliipeleka sokoni kwa sababu alisikia kwamba kanisani mwenye ngozi hukaa nje, akataka apate marikani ajifunge siku ya harusi, asimwaibishe mkwe wake aliyestaarabika.

"Basi leo ameona aibu inatoka upande gani," akasema Magokoro. Fundo likaachia.

Nikaivua kwa kuinama, macho chini, naye akaipokea akaikunja mapajani pake. Ndani ya jikoni mama akasema maneno machache. Niliyasikia yote lakini haikuwa halali niyasikie, kwa hiyo nikangoja Magokoro anirudishie.

"Anasema hii haiuzwi tena. Atakuja nayo kanisani siku hiyo, ameivaa. Wakimzuia mlangoni, Kemunto anageuka naye, na wewe unarudi Mosocho na ng'ombe wako. Hayo si ya kubishaniwa."

Nikamtazama Kemunto. Alikuwa amesimama na kikapu chake, chumvi imelowa inamdondokea begani, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani niliambiwa bei nikaitikia.

Kesho yake, kabla hata sijaanika marikani yangu (yalikuwa yameota madoa, Mhindi hakuyapokea), nilikuwa kwa mzee wa kanisa. Hakunikaribisha chai. Nilimweleza, akasema haiwezekani, ngozi haiingii. Nikamwambia basi aanze na mimi, kwa maana aliniona kwa macho yake nimeivaa, na kama ngozi inamtoa mtu nje, mimi ndiye wa kutolewa kwanza. Akasema yangu ilikuwa ajali. Nikamwonyesha mkanda wake. Nikamwonyesha viatu vyake, na kile kitabu chake cha nyimbo kilichokuwa mezani, jalada lake la ngozi linang'aa kwa mafuta ya vidole.

"Hiyo ni ngozi ya dukani," akasema.

"Na ile ni ya nyumbani, mzee. Tofauti ni kwamba ile tunamjua aliyeishona."

Akanyamaza. Kumbukeni kanuni yangu kuhusu wanaonyamaza. Lakini siku hiyo sikumbana, nilikuwa nimejifunza kuogopa ukimya, nikangoja. Baada ya muda akasema labda anaweza kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nikasema la mwisho wanakaa wanaochelewa, mimi namtakia la mbele kabisa. Akasogea benchi moja. Nikasogea na mimi. Tukaenda hivyo, benchi kwa benchi, yeye akitoka nyuma na mimi nikitoka mbele, mpaka tukakutana la katikati, upande wa dirisha, tukapeana mikono. Nikatoka pale nikijiona nimefanya biashara kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya.

Siku ya harusi kanisa lilijaa mpaka madirishani, na nusu yao, najua, walikuja kuona ngozi. Mimi nimesimama mbele na suti ya kuazima. Mama mkwe akaingia. Alikuwa ameipaka samli mpya, shanga zimeoshwa, amenyooka kama mtu aliyebeba maji na hataki kumwaga hata tone. Mzee wa kanisa akamwonyesha kwa mkono lile benchi la katikati, upande wa dirisha.

Hakumtazama. Akalipita. Akapita na lililofuata, na lililofuata, na kila alipopita wanawake wa marikani walisogeza magoti kumpa njia, mpaka akafika benchi la mbele kabisa, na mke wa mzee wa kanisa mwenyewe, ambaye sikumtegemea kwa lolote, akainua gauni lake akasogea. Mama akaketi hapo. Mzee akanitazama mimi kwa hasira, kana kwamba nimemvunjia mapatano, nami nikageuza uso nikamtazama Kemunto, ambaye alikuwa anauma mdomo asicheke kabla hajaulizwa kama anakubali.

Alikubali. Tumezeeka naye.

Biashara sikuacha, na bado nabishana na yeyote, awe Mhindi, awe karani, awe mzee wa kanisa. Lakini mwanamke akinigeuzia mgongo sokoni naacha kila kitu nilichoshika, nachukua baiskeli yangu, naondoka. Hata bure sikitaki.